Upande A kwa Mwalimu, Upande B kwa Fundi

Kwetu Mkwajuni, santuri mpya ni ile iliyofika wiki hii. Umri wake haumhusu mtu. Mwalimu mstaafu aliwahi kutuletea "mpya" yake ikiwa na jina la mwenyewe wa kwanza pembeni ya lebo, kwa kalamu ya wino, na chini ya jina onyo kali kwa atakayeazima asirudishe. Mwenye onyo pengine alishazikwa. Mwalimu aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza juani tuione mistari, nasi tukasema hongera, mwalimu, hapo umepata kitu, huku kila mmoja wetu akitafuta mkwaruzo.

Kutafuta mkwaruzo ndiyo kazi yetu ya Jumapili baada ya ibada. Kikao hakina usajili wala katiba wala mweka hazina, ndiyo maana hatujawahi kuibiana. Yupo mwalimu, aliyefundisha Kiswahili na jiografia hadi akastaafu, na ambaye mpaka leo husahihisha watu wakiwa na tonge mdomoni. Yupo fundi redio, ambaye redio haziji tena kwake, siku hizi anaishi kwa kubadilisha vioo vya simu na kuuza chaja. Yupo mnunuzi wa dhahabu, ambaye mizani haimtoki mfukoni hata msibani. Yupo kijana wa plenti, yaani mtambo wa kuchenjulia dhahabu, mpwa wa fundi, mwenye simu kubwa na heshima ya kadiri. Nami nipo, na kazi yangu hasa ni ukalimani, kwa sababu mwalimu na fundi hawasemeshani.

Chanzo ni redio. Fundi aliitengeneza redio ya mwalimu ikapona kabisa, ila alipoirudisha aliirudisha na skrubu tatu kwenye kikaratasi, zilizobaki. Mwalimu alitaka kujua kama zilikuwa za lazima kwa nini zimetoka, na kama hazikuwa za lazima kwa nini kiwanda kiliziweka. Fundi aliona ametukanwa. Tangu hapo mwalimu huja barazani kwa fundi, hukaa kwenye kiti cha fundi, hunywa chai ya mke wa fundi, na akitaka lolote hunigeukia mimi: "Mwambie mwenye nyumba aongeze sauti." Mwenye nyumba yuko mkono mmoja kutoka alipo. Namwambia. Naye hunijibu: "Mwambie mgeni wako mashine ni ya betri, si ya TANESCO."

Sharti letu ni moja, kwamba aliyenunua alete. Maneno ya "ninayo nyumbani" hayapokelewi. Nyumbani kila mtu ana kila kitu.

Mtu mwenye akili zake atauliza haya yote ya nini. Kila wimbo tunaouhangaikia uko kwenye simu ya yule kijana, mzima, bila mkwaruzo. Baa ya jirani ina flashi moja ndogo kuliko kidole yenye nyimbo zisizohesabika, na haijawahi kupinda kwa jua. Tunayajua hayo. Lakini flashi haina kisa. Huwezi kumkalisha mtu mzima ukamweleza ulivyoipata flashi. Santuri unaweza kuisimulia toka asubuhi mpaka jua lizame bila kuipiga, na kwetu zipo zilizosimuliwa mara nyingi kuliko zilivyopigwa. Moja ya mwalimu haijapigwa hata siku moja, na tunaipenda sana.

Nyingi hutoka Tunduma. Pale ukivuka geti uko Nakonde, Zambia, na vitu vya kale huvuka pamoja na vipya: meza, mashine za kushonea, vitabu vya nyimbo, na katikati ya mizigo hiyo, mara moja moja, santuri. Tuna mchuuzi wa vyombo vya nyumbani tuliyempa kazi ya kutununulia akiziona. Hana uchaguzi. Kitu chochote cha duara, cheusi, chenye tundu katikati na karatasi ya mviringo, yeye ananunua. Ndivyo alivyotuletea diski ya grainda, mpya kabisa, imefungwa vizuri kwenye gazeti. Kijana wa plenti aliichukua akaenda kukatia vyuma, ikawa ndiyo santuri pekee ya mwaka ule iliyofanya kazi yake barabara.

Kutoka Tunduma hadi Mkwajuni ni safari ya ndani ya mkoa mmoja, Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ila ukitaka njia ya gari inayoaminika, unatoka Tunduma, unayapita Vwawa makao makuu ya mkoa wako, unapita Mlowo, unavuka mto Songwe, unaingia mkoa wa Mbeya, unafika Mbalizi, ndipo unashika njia ya Galula kurudi kwenye mkoa uliokuwa ndani yake tangu asubuhi. (Uwanja wa ndege wa Songwe, kwa faida ya mgeni, nao uko Mbeya.) Katika mzunguko huo ndimo santuri inamokutana na jua la bonde la Rukwa, na santuri haina ubishi na jua. Hizi za plastiki, za kuanzia miaka ya 1950, ni ukoo mmoja na mabomba ya maji. Joto likikaribia nyuzi 60 zinalegea, na kioo cha mbele cha basi lililosimama mchana kinafika huko bila kutoka jasho.

Yangu ilikuwa LP ya Orchestra Makassy, ile *Agwaya* iliyotolewa Uingereza na Virgin mwaka 1982. Nilikuwa nimeiagiza kwa muda mrefu, nikaililia kwa mchuuzi, nikailipia kabla sijaiona. Konda aliyepewa mzigo alikuwa mtu mwema. Alipoambiwa ni kitu cha thamani hakukitupa buti pamoja na madumu. Alikiweka mahali pa heshima, juu ya dashibodi, mbele ya abiria wote. Nilipoipokea jioni ilikuwa imeinua kingo pande zote kwa usawa mzuri ajabu. Nikaiweka mezani nikatoka nje nipate hewa. Niliporudi mama watoto alikuwa ameshaitia karanga na kumkaribishia mwalimu, aliyekuwa amepita kunisalimia.

Mwalimu alitafuna taratibu, akasoma lebo iliyokuwa ikichungulia chini ya karanga, akatafuna tena.

"Shemeji," akamwambia mke wangu, "karanga hizi zimekaa juu ya Makassy?"

"Zimekaa kwenye bakuli, mwalimu. Karibu uongeze."

Akaongeza.

Fundi aliposikia alinishauri niibane kati ya vioo viwili vya dirisha, nianike juani, kisha niache ipoe ikiwa imebanwa. Njia hiyo inajulikana na wenye santuri dunia nzima, na ilifaa: ilinyooka kabisa. Shida ni kwamba hata mistari ilinyooka. Ukiweka sindano mwanzoni inateleza hadi katikati bila kugusa neno. Nikairudisha jikoni, lakini mama watoto akaikataa, kwa sababu sasa haikuwa na kina.

Mashine yetu ni ya fundi, Philips ya mkoba, ya kufunga na kubeba, inayokula betri kubwa za mawe. Betri zikiwa mpya, mwendo ni wa haki. Zikianza kuchoka mota nayo inachoka, na mwimbaji anaanza kuzama koo polepole, neno kwa neno, mpaka bendi nzima inaingia usingizini. Hapo mtu wa kawaida angesema betri zimekwisha. Mwalimu, ikiwa santuri inayozama ni yake, husema: "Ndivyo ulivyorekodiwa." Ikiruka, ndivyo ulivyorekodiwa. Ikikwaruza, studio za zamani zilikuwa na mbao. Siku moja nzi alikaa juu ya sindano, tukamsikia waziwazi, na bado mwalimu alikuwa na maelezo.

Swichi ya mwendo ina namba tatu, na herufi zake zilifutika zamani. Kuna LP tuliyoisikiliza msimu mzima wa mvua kwa mwendo wa 45 badala ya 33 na theluthi. Tulimsifu mpiga gitaa kwa vidole vyake, tukamhurumia mpiga ngoma. Siku swichi iliporudi mahali pake, wimbo ukaanza kutambaa kwa adabu kama ulivyokusudiwa, mnunuzi wa dhahabu akakunja uso akasema hawa wa sasa wameuharibu. Akaomba turudishe ile bendi ya kwanza.

Kisha kuna karasha. Jirani wa fundi anasaga mawe, na dhahabu haijui Jumapili. Kila nyundo za karasha zikishuka, baraza inatikisika, sindano inaruka mistari miwili. Wapo wasanii wakubwa ambao sisi tunawajua kwa mtindo huo tu. Nilipousikia wimbo mmoja wa Jamhuri Jazz ukipigwa mzima redioni nilidhani wameongeza beti. Ili kuzuia kuruka, fundi alifanya walivyofanya baba zetu wote: alibandika sarafu kichwani mwa mkono wa mashine, ikandamize. Alianza na shilingi 50, karasha likashinda. Akapanda hadi 200.

Hapo ndipo santuri zilipoanza kutoa unga mweusi.

Sasa, uzito wa sindano juu ya santuri hupimwa kwa gramu. Mashine nzuri za siku hizi zinataka kama gramu 2. Hizi za mkoba zilitaka zaidi kidogo. Ulaya mpenzi wa santuri hununua mizani maalumu ya kazi hiyo. Sisi tunaye mtu anayelala nayo. Mnunuzi wa dhahabu aliitoa mfukoni, akaifuta kwa shati, akaisawazisha, fundi akashusha sindano juu yake, wote tukainamisha vichwa kama watu wanaosubiri bei. Gramu 11 na pointi.

"Hiyo si sindano, mjomba," kijana wa plenti akasema. "Hiyo ni sururu."

Mwalimu akanigeukia. "Mwambie mwenye nyumba amekuwa akichimba."

Tulishuka hadi tano kwa kutoa sarafu na kuweka kipande cha bati, na ili karasha lisishinde tena, sasa mashine inakaa juu ya mto wa kulalia, mto juu ya gunia la mpunga, gunia juu ya meza. Atakayekuja kuununua mpunga lazima asubiri wimbo uishe.

Huwa najiuliza kwa nini watu wa Mkwajuni, wenye dhahabu chini ya miguu, wanahangaikia plastiki iliyotengenezwa Nairobi. Maana karibu kila santuri ya bendi zetu za zamani ukiisoma lebo utakuta Nairobi. Mwalimu analo somo zima juu ya hilo na haliepukiki ukishaliamsha. Siti binti Saad, anasema, mwaka 1928 ilimbidi avuke bahari hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Bendi za baadaye hazikwenda mbali hivyo: zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini redio ilirekodi ili irushe hewani, haikuwa na kiwanda cha kupiga chapa sahani. Aliyetaka santuri aliielekea Nairobi, na wengine, kama vijana wa Tanga waliounda Simba Wanyika, waliishia kuhamia huko huko. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, na kanda za kaseti zikatukuta tumenyoosha mikono. Mwimbaji Mbaraka Mwinshehe mwenyewe alifia Kenya, kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979.

Hapo mwalimu hunyamaza kidogo, kwa heshima. Kisha hurudi kwenye jiografia. Wanamuziki wa Super Mazembe, anasema, walitoka Zaire, wakakaa Zambia, wakaingia Nairobi mwaka 1974. Je, mtu wa Zambia anakwendaje Nairobi? Lazima walipita Tunduma. Wakilala wapi? Wakila nini? Ana majibu ya yote, na kwa jinsi anavyoyaeleza utadhani alikuwa mezani. Fundi, kupitia kwangu, huuliza kama walilipa.

Nisipite bila kutaja msiba wa mnunuzi wa dhahabu. Alipata santuri ya kale hasa, ya mwendo wa 78, lebo yake ina yule mbwa anayesikiliza gramafoni, na kwa kiapo alidai ni Siti mwenyewe. Hatukubisha, hatukukubali. Santuri za aina ile si plastiki. Zimetengenezwa kwa gundi inayotokana na wadudu wa India, zikielemewa hazijui kupinda. Zinajua kuvunjika tu. Aliifunua, akailaza kwenye kiti ili apate mikono miwili ya kutafuta miwani, na wakati huo huo balozi wetu wa mtaa akaingia. Mzee mzito, mwenye heshima zake. Tukasimama wote, shikamoo mzee, marahaba wanangu, habari za hapa, na katikati ya marahaba akaketi.

Tulisikia. Yeye hakusikia, masikio yake yana umri. Na nani angemwambia mzee ainuke kabla hajanywa maji? Akaulizia mazao, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, akatoa tangazo la mkutano wa hadhara, akaombewa chai. Mnunuzi wa dhahabu alisimama mbele yake muda wote ule akitabasamu kwa meno yote, machozi yanamlenga. Mzee alipoondoka, vipande vilikusanywa vikawekwa kwenye mizani, kwa mazoea tu. Karibu gramu 200. Kwa bei ya dhahabu angekuwa tajiri.

Akajifariji kwa kumnunulia mkewe kwaya. Mkewe huimba sauti ya kwanza kanisani, na kutoka Nakonde ilikuwa imeletwa LP yenye jalada la kwaya, kina mama wamepangwa kwa kimo, majoho meupe. Lebo ya santuri yenyewe ililiwa na mende, lakini jalada lilitosha. Jumapili ile mama alikuja mwenyewe na wenzake wawili, wakakaa mbele. Fundi akashusha sindano.

Lilitoka gitaa la ajabu. Lilikoroma, likavuruga, likalia kwa sauti ya bati linalokatwa. Fundi akaruka akazima, akaomba radhi kwa kina mama, akafungua mkoba akaanza kutafuta kasoro. Akapima spika. Akakaza waya. Akailamba betri. Akawasha tena: koromo lile lile, na sasa mtu anapiga kelele kwa Kiingereza. Akaifungua mashine yote. Nadhani ndipo zilipopatikana skrubu nyingine mbili za ziada, ambazo alizificha haraka kabla mwalimu hajaziona, lakini mwalimu alishaziona.

Kijana wa plenti ndiye aliyetuokoa, kwa simu yake. Zambia ya miaka ya 1970, akatusomea, vijana wa miji ya shaba walichukua roki ya Wazungu wakaichanganya na vya kwao, gitaa wakalipitisha kwenye kifaa cha kulikwaruza kwa makusudi. Mtindo huo unaitwa Zamrock. Kelele ile si ugonjwa, ndiyo muziki. Bendi mojawapo, WITCH, ilitoa LP yake ya kwanza mwaka 1972, na nakala za asili za bendi hizo leo zinauzwa Ulaya na Marekani kwa mamia ya dola, nyingine maelfu.

Baraza ilikaa kimya. Mama mmoja wa kwaya akauliza elfu ngapi.

Kuanzia pale tabia zilibadilika. Santuri iliyokuwa inaguswa kwa mikono ya karanga ikafungwa kwenye kitambaa cha meza. Shida ikawa lebo. Mende walikuwa wameacha nusu ya herufi moja, ambayo kwa mnunuzi wa dhahabu ilikuwa W bila shaka yoyote, kwa mwalimu M iliyogeuzwa, na kwa fundi alama ya gundi. Ikapigwa picha kutoka kila upande, mende aliyekutwa kwenye jalada akahojiwa kwa kandambili. Mpaka leo iko chini ya kitanda cha mnunuzi, hajulikani ni nani, na mkewe hapigiwi wala kwaya wala roki.

Kilichowaingia zaidi vijana wa machimboni wala hakikuwa bei. Kijana alisoma kwamba mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, yule wanayemwita Jagari, muziki ulipomtupa aliingia kuchimba vito. Kwa miaka mingi alikuwa mchimbaji mdogo, kwa jembe na sururu, akitafuta bahati yake ardhini. Halafu ulimwengu ukamkumbuka, akarudi jukwaani akiwa mzee, na mwaka 2023 WITCH ikatoa albamu mpya. Habari hii ilizunguka maduara yote ya Mkwajuni kwa siku moja. Sasa kila mchimbaji aliyekosa kitu shimoni anasema yuko kwenye kipindi cha kati.

Lakini nilitaka kusema juu ya mwalimu na fundi.

Nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu, na santuri ndogo ya 45 ina nafasi ya dakika chache tu kila upande. Kwa hiyo waliukata wimbo katikati. Upande A unapata maneno: jamaa analalamika, anaeleza alivyoachwa, anaomba wazazi waingilie. Upande B unapata utamu: magitaa yanaachiwa, tarumbeta zinaingia, watu wanacheza. Waliocheza enzi hizo wanasimulia walivyosimama katikati ya ukumbi wameshikana viuno, wakingoja mtu aende kugeuza santuri.

Mwalimu anayo santuri moja ya Mbaraka na Super Volcano, wimbo siutaji kwa sababu pande zote mbili za kesi bado zinadai haki. Upande wake A unasikika vizuri kabisa. Upande B ulichezewa na watoto kwa msumari. Na fundi anayo santuri ile ile. Yake ndiyo upande B mzima, upande A ulimwagikiwa asidi ya betri. Kwa miaka yote hiyo mwalimu alijua malalamiko ya yule jamaa yote kwa moyo bila kujua yaliishaje, na fundi alicheza furaha ambayo hakujua chanzo chake. Nyumba zao ziko mtaa mmoja.

Mnunuzi wa dhahabu akajitwisha ushenga. Alikwenda kwa mwalimu, akarudi kwa fundi, akapeleka sukari, akarudisha masharti. Mwalimu: santuri yake isiguswe na mkono wenye grisi. Fundi: mwenye santuri asitoe maoni juu ya mashine. Mwalimu: sarafu isirudi. Fundi: neno skrubu lisitamkwe. Mimi nikayaandika, pande zote zikatia saini, kila mmoja kwa kalamu yake.

Siku yenyewe mnunuzi alimlipa mwenye karasha asimamishe kazi kwa muda. Watu walijaa hadi barabarani, wengine wakidhani kuna mchango. Mwalimu aliiweka yake kwa mikono miwili. Jamaa akalalamika vizuri, akafika kwenye neno la mwisho, mkono ukainuka. Mwalimu akaondoa yake, fundi akaweka yake, wala vidole havikugusana. Kuna mama alikuwa amemshika mumewe kiunoni na hakumwachia muda wote wa mabadiliko. Sindano ikashuka. Magitaa yakaingia pale pale jamaa alipoishia.

Sitaeleza walivyocheza. Mwalimu alicheza akiwa ameketi.

Ulipokwisha, kila mmoja alidai nusu yake ndiyo iliyobeba wimbo. Mwalimu aliniambia nimwambie mwenye nyumba kwamba bila maneno magitaa yasingekuwa na cha kujibu. Mwenye nyumba aliniambia nimwambie mgeni kwamba hakuna aliyewahi kucheza maneno. Nilikuwa nageuza shingo kulia na kushoto ndipo kijana wa plenti, kwa nia njema kabisa, akainua simu yake akaupiga wimbo ule mzima, A na B, bila kukatika, sauti safi.

Alitozwa faini palepale kwa kauli moja, ya kwanza tuliyowahi kukubaliana: betri mpya za mashine, seti nzima. Alikimbia dukani akarudi nazo. Zilikuwa zinang'aa, jina lake linafanana sana na la zile tunazozijua ila limezidi herufi moja. Fundi akazipachika, wakarudisha upande A, na kabla ubeti wa kwanza haujaisha Mbaraka akaanza kuzama. Neno likavutika. Jingine likavutika zaidi. Tukamgeukia mwalimu wote, maana santuri ilikuwa yake, na mdomo alikuwa ameshaufungua. Fundi akamuwahi.

"Msiguse," akasema, akiwa ameikingia mashine yake mkono. "Ndivyo ilivyorekodiwa."

"Ulivyorekodiwa," mwalimu akamsahihisha, akimtazama usoni. "Wimbo."

"Santuri," fundi akamjibu, nami nikabaki sina kazi.